Besi Inayovuma: Kabla ya Kununua Gramafoni Nyingine, Ihamishe Uliyonayo

Swali la msomaji: Nina gramafoni ya mkanda (mota huizungusha sahani inayobeba santuri kwa mkanda) iliyokaa juu ya kabati refu la mbao, na spika zangu mbili ziko juu ya kabati hilo hilo, moja kila upande. Sauti ikiwa ya chini santuri zinalia vizuri sana. Nikipandisha, besi inakuwa nzito na inatapakaa. Nikizidisha, mvumo unaanza wenyewe na hauachi mpaka nishushe. Koni za spika zinacheza mbele na nyuma hata pale ambapo hakuna muziki, na mtu akipita karibu sindano huruka. Nimeshauriwa ninunue gramafoni nzito zaidi, au sahani nzito na katriji mpya, kile kifaa kidogo kinachobeba sindano. Je, muundo wa mashine unabadilisha sauti kiasi hicho, au shida ni mahali nilipoiweka?

Jibu: Ndugu msomaji, pesa yako iache mfukoni kwanza. Muundo wa gramafoni hubadilisha sauti, tena sana, na nitakueleza kwa nini. Lakini dalili ulizozitaja zinaelekea upande mmoja: spika zako zinaitikisa sindano kupitia kabati. Ukileta mashine nyingine ya gharama mara tano na kuiweka palepale, kuna uwezekano mkubwa ukasikia mvumo uleule.

Anza na sindano, kwa maana hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Sindano haijui muziki ni nini. Katriji hupima jambo moja tu: tofauti ya mwendo kati ya ncha ya sindano iliyomo ndani ya mfereji wa santuri na mwili wa katriji ulioshikwa na mkono wa gramafoni. Ncha ikisogea kwa sababu mfereji umepinda, huo ni muziki. Mwili wa katriji ukisogea kwa sababu kabati limetikisika, umeme unaotoka hauna tofauti yoyote na ule wa muziki, na amplifaya itaukuza kwa uaminifu uleule. Mfereji wenyewe una upana wa takribani mikromita 50, yaani sehemu 50 za milimita iliyogawanywa mara elfu, na sauti nyembamba za juu zimeandikwa humo kwa mitikisiko isiyofika hata mikromita moja. Mtetemo usioweza kuuona wala kuuhisi kwa kidole unatosha kabisa kuwa sehemu ya wimbo.

Kisha tazama kinachofuata. Katriji ya kawaida ya sumaku inayotembea hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo priamplifaya ya santuri, kikuzaji cha kwanza kabla ya amplifaya, huikuza karibu mara 100 kwenye masafa ya katikati, yaani sauti zisizo nzito wala nyembamba. Kwenye besi hukuza zaidi. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, ili mifereji isiwe mipana mno na sindano isirushwe nje, halafu priamplifaya huirudisha kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, iliyoanza kutumika huko mwaka 1954. Kwa kanuni hiyo, umeme wa hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) hukuzwa karibu mara kumi kuliko ule wa hezi 1,000. Jumla yake ni kama mara elfu moja. Na hapo chini, kwenye besi, ndipo hasa sakafu, makabati na mota hupenda kutikisika. Kwa sababu hiyo kicheza CD kilicho juu ya kabati lako kisingekuonyesha tatizo hili hata kidogo, wakati gramafoni inalitangaza.

Sasa mzunguko unaokusumbua unaeleweka. Besi inatoka kwenye spika, inatikisa ubao wa kabati, ubao unatikisa gramafoni, sindano inausoma mtikisiko huo, amplifaya inaukuza, spika inautoa tena ukiwa mkubwa zaidi. Ndiyo fidibaki ileile ya kipaza sauti kinachopiga yowe mbele ya spika, ila hapa inapita kwenye mbao na kwa masafa ya chini. Kile kinachorudi kikiwa kikubwa kuliko kilichotoka, mvumo unajiendesha wenyewe. Jambo ambalo wengi hawalijui, nami nataka ulishike zaidi ya yote, ni kwamba madhara huanza mapema, mvumo ukiwa bado mbali. Kinachorudi kikiwa nusu tu ya kilichotoka, hakuna mvumo, lakini kila noti ya besi inayogusa masafa ya asili ya kabati lako, yaani kasi ambayo kabati hupenda kutikisika kwayo, inavimba na kuchelewa kunyamaza. Gitaa la besi linapoteza mpaka kati ya noti na noti, ngoma inakuwa na mkia. Watu wengi huishi na hali hiyo miaka na miaka wakiamini ndiyo “joto” la santuri.

Usiniamini kwa maneno, pima. Weka santuri juu ya sahani bila kuiwasha mota, shusha sindano juu yake, na pandisha sauti taratibu sana, mkono ukiwa kwenye kitufe ili ushushe mara moja. Gonga kabati kwa ukucha. Ukisikia mlio huo wa kugonga kwenye spika kwa uwazi, njia ya mtetemo iko wazi. Endelea kupandisha kidogo kidogo kupita kiwango unachosikilizia kila siku. Mvumo ukianza karibu na kiwango hicho, fidibaki imethibitika. Mimi hupenda kuona nafasi isiyopungua desibeli 15 kati ya kiwango cha kusikilizia na pale mvumo unapoanza. Chini ya hapo besi tayari imeharibika.

Kuna kipimo kingine chenye kufunua mengi, kama priamplifaya yako ni kifaa cha peke yake na una kompyuta ya kurekodia. Sindano iache juu ya santuri iliyosimama, priamplifaya iingie kwenye kompyuta, kisha piga muziki kutoka chanzo kingine kupitia spika zako kwa sauti ya kawaida na urekodi kile ambacho sindano inasikia. Sikiliza rekodi hiyo kwa visikizio. Utausikia wimbo, kwa kawaida ukiwa umepungua sauti za juu na kubaki na mdundo. Huo ndio uchafu unaochanganyika na kila santuri unayopiga. Ukihamisha kitu, rekodi tena kwa sauti ileile na ulinganishe. Hakuna tangazo la biashara linaloshinda ushahidi wa namna hii.

Lakini kabla ya kulaumu kabati kwa kila kitu, ondoa kosa moja la umeme. Inua sindano huku amplifaya ikiwa imewashwa. Mvumo ukibaki palepale hata sindano ikiwa hewani, hauhusiani na mitetemo. Kagua waya wa ardhi kati ya gramafoni na amplifaya. Ukitoweka sindano inapoinuliwa, ni wa kimakanika. Hapo shusha sindano tena mota ikiwa imezimwa: mngurumo uliokuwepo mota ikizunguka na kutoweka ikisimama unatoka kwenye mota, mkanda au beringi. Na koni zinazocheza polepole? Hesabu. Santuri ya 33⅓ huzunguka mara moja kila sekunde 1.8. Koni ikisukumwa mara moja kila mzunguko, santuri imepinda au shimo lake haliko katikati. Ikitetemeka haraka zaidi bila mpangilio huo, mkono na katriji ndivyo vinavyoyumba, na nitarudi hapo.

Dawa ya kwanza haina bei: ondoa spika juu ya kabati. Ziweke kwenye stendi zake zilizosimama sakafuni, mbali na gramafoni kadiri chumba kinavyoruhusu. Kisha angalia pembe za chumba. Shinikizo la besi hukusanyika kwenye pembe na kando ya kuta, kwa hiyo gramafoni iliyosukumwa kwenye pembe inapigwa na hewa yenyewe hata kama mbao zimetulia. Kifuniko cha plastiki kilichoinuliwa nusu kinanasa hewa hiyo na kuipeleka moja kwa moja kwenye mwili wa mashine. Kama kinatoka, kitoe kabisa unaposikiliza. Kusogeza mashine nusu mita kando huweza kubadilisha besi waziwazi, kwa hiyo jaribu sehemu tatu nne kabla ya kuridhika.

Sindano kuruka mtu anapopita ni jambo tofauti kidogo, na hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi kwa kununua miguu laini ya mpira. Ngoja tulifanyie hesabu. Kitu chochote kilichokaa juu ya springi kina masafa yake ya asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake: ukiisukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo unazaa mwendo mkubwa. Kwa mashine iliyokaa juu ya springi, masafa hayo yanategemea springi zimeshuka kiasi gani zilipobebeshwa mzigo. Chukua 5, igawe kwa kipeuo cha pili cha mshuko uliopimwa kwa sentimita, utapata hezi. Springi iliyoshuka sentimita 1 ina hezi 5. Iliyoshuka sentimita 2.5 ina hezi 3 na kidogo. Mguu wa mpira uliobonyea milimita 1 tu una karibu hezi 16, na mpira halisi huwa juu zaidi ya hapo kwa sababu hukakamaa unapotikiswa haraka.

Kinga huanza pale tu mtetemo unapopita masafa ya asili kwa mara 1.4. Chini ya hapo hakuna kinga yoyote, na palepale kwenye masafa ya asili mtetemo unaongezeka badala ya kupungua. Mpira wetu wa milimita 1 kwa hiyo huanza kusaidia juu ya hezi 22 hivi, na kwenye hezi 16 unadhuru. Dhidi ya hatua ya mtu, ambayo nguvu yake kubwa iko kwenye hezi 2 na vizidishi vyake vya karibu, haufanyi lolote. Miguu yenye ncha kali nayo haikingi kitu: inaunganisha kwa ugumu, jambo jema kwa stendi ya spika isiyotakiwa kuyumba, lakini chini ya gramafoni inakabidhi mtikisiko wa rafu ulivyo. Ubao mzito au bamba la jiwe juu ya rafu laini hushusha masafa ya asili ya rafu na mara nyingine hufaa, mara nyingine huyashusha hadi yakaangukia kwenye hatua za watu.

Kwa sakafu ya mbao inayonesa, dawa ninayoiamini ni rafu iliyofungwa ukutani, kwenye ukuta unaobeba jengo na siyo kizigeu chepesi. Ukuta wa namna hiyo hausogei mtu akitembea. Kwa sakafu ya zege, hatua huwa si tatizo kubwa, na meza nyepesi lakini ngumu, fupi, isiyoyumba ukiisukuma kwa kidole, inatosha. Kama hatua za watu zinarusha sindano yako huku sakafu ikiwa ya zege, basi kabati ndilo linaloyumba. Refu, jembamba, miguu dhaifu: kagua viungo vyake.

Baada ya hapo ndipo ninapokuja kwenye muundo wenyewe, na sehemu ninayoiweka mbele ya zote ni ndoa ya mkono na katriji. Sindano imeshikwa na kipande cha mpira laini, na mkono pamoja na katriji ni uzito ulioning'inia juu ya ulaini huo. Hivyo viwili vina masafa yao ya asili. Kanuni yake: jumlisha uzito wa mkono unaofanya kazi (“effective mass”), uzito wa katriji na wa skrubu zake, zote kwa gramu, zidisha kwa unyumbufu wa katriji kama ulivyoandikwa kwenye karatasi yake, kwa mikromita kwa kila milinyutoni, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Mkono wa gramu 11, katriji ya 6 na skrubu ya 1 ni 18. Kwa unyumbufu wa 15 unapata 270, kipeuo chake ni 16.4, na jibu ni hezi 9.7. Hapo pazuri. Tunataka kati ya 8 na 12: juu ya mipindo ya santuri na hatua za watu, chini ya noti ya chini kabisa ya muziki.

Mpe mkono mzito katriji laini sana, kwa mfano jumla ya gramu 25 kwa unyumbufu wa 25, na unashuka hadi hezi 6.4. Sasa kila santuri iliyopinda na kila hatua inaukuta mkono ukiwa tayari kuyumba. Koni zinapiga mbele na nyuma bila sauti, amplifaya inapoteza nguvu kwenye kitu kisichosikika, na sauti unazozisikia zinayumba pamoja na koni. Kwa hiyo aliyekushauri katriji mpya hakukosea moja kwa moja, ila katriji nzuri isiyolingana na mkono wako itaongeza shida. Angalizo kuhusu katriji za Japani: nyingi hupimwa unyumbufu kwenye hezi 100, namba inayotoka ndogo, zidisha kwa 1.5 hadi 2 kabla ya kuingiza kwenye kanuni.

Kuhusu umbo la mashine, historia inasaidia kuelewa kwa nini wataalamu hawakubaliani. Santuri ndefu ya Columbia ilitoka mwaka 1948, na stereo ikafika madukani muongo mmoja baadaye. Katika santuri ya mono muziki ulikuwa kwenye mwendo wa ubavuni tu. Stereo ikaandika kila upande kwenye ukuta wake wa mfereji, nyuzi 45, na sindano ikalazimika kusoma na mwendo wa juu na chini. Ghafla mtikisiko wa wima wa sakafu na mota ukawa na njia ya kuingia kwenye spika. Mashine imara za gurudumu la mpira kama Garrard 301 ya Uingereza, ya mwaka 1954, zilikuwa na nguvu kubwa, lakini gurudumu lile liliigusa mota na sahani kwa pamoja na kupitisha mitetemo yake.

Mwaka 1961 Edgar Villchur wa Acoustic Research, Marekani, akatoa gramafoni ambayo sahani na mkono viliwekwa juu ya fremu moja iliyoning'inia kwa springi tatu, mota ikabaki juu ya mwili wa nje na kuunganishwa kwa mkanda tu. Wazo lile lina akili nyingi: mkono na sahani vikitikisika pamoja, kama kitu kimoja, katriji haioni tofauti, na kisichoonwa hakisikiki. Kampuni za Thorens na baadaye Linn, kwa gramafoni yao ya Sondek LP12, walilifuata. Kampuni ya Rega wakaenda njia ya pili: mwili mwepesi na mgumu bila springi, ili usihifadhi mtetemo na kuurudisha baadaye. Kampuni ya Technics walitoa gramafoni ya SP-10 mwaka 1970, mota ikiwa ndiyo mhimili wa sahani, bila mkanda, kisha SL-1200 mwaka 1972.

Zote tatu zinaweza kulia vizuri ajabu, kila moja mahali pake. Mashine ya springi, yenye masafa ya asili ya hezi 3 hadi 5, inakinga vizuri besi ya spika lakini inacheza juu ya sakafu inayonesa. Nyepesi na ngumu inapenda rafu ya ukutani na inateseka juu ya kabati kama lako. Nzito ya mota ya moja kwa moja inavumilia mengi, ndiyo maana ikawa ya kumbi za muziki zenye spika kubwa karibu, ingawa hata huko hukalishwa juu ya kinga. Ushauri wa “nunua nzito” haujakamilika bila kusema inakaa juu ya nini.

Mota na kasi sitavikalia sana. SL-1200MK2 ya 1979 ilitangazwa kwa kuyumba kwa kasi kwa asilimia 0.025. Shimo la santuri likikosea katikati kwa milimita 0.2, kwenye mfereji ulio sentimita 10 kutoka katikati kasi itapanda na kushuka kwa asilimia 0.2, mara nane ya kosa hilo la mashine. Mkanda mpya usiolegea na tone la mafuta yanayofaa kwenye beringi vinatosha kwa mashine nyingi zilizotunzwa.

Sahani nzito ningeiacha. Inatuliza kasi, lakini inaongeza mzigo kwenye beringi iliyoundwa kwa uzito mwingine, na kama mashine yako ni ya springi inazishusha springi na kuharibu usawa wake. Haikati njia ya kutoka spika hadi sindano. Mkeka wa juu ya sahani, hasa kama sahani ni ya alumini inayolia ukiigonga, ni kitu kidogo chenye faida ya kweli, ila ukibadilisha unene rekebisha na urefu wa mkono.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: spika zitoke kabatini, gramafoni itoke pembeni, isawazishwe kwa pimamaji, uzito wa sindano uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji wa katriji, halafu rudia kipimo cha santuri iliyosimama. Koni zikiendelea kucheza kwa santuri zilizopinda peke yake, na hesabu ya mkono na katriji ikatoka kati ya 8 na 12, washa kichujio cha masafa ya chini kama priamplifaya yako inacho. Kinachokata chini ya hezi 20 kwa mteremko mkali wa desibeli 18 kwa kila oktavu hakigusi muziki unaousikia. Nipe matokeo ya kipimo hicho pamoja na aina ya mkono na katriji yako. Nikiyaona ndipo nitakuambia kama kuna kitu cha kununua.